Barua ya wazi kuhusu rufaa za kesi za unajisi: mtoto ataambiwa na nani?

Kwa Waheshimiwa majaji mnaosikiliza rufaa za jinai, wasajili wa mahakama na viongozi wa mashtaka ya umma, Nyanza na Magharibi mwa Kenya.

KUH: WATOTO WALIONAJISIWA NA FAMILIA ZAO KUTOARIFIWA RUFAA ZINAPOSIKILIZWA NA KUAMULIWA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima.

Jumamosi moja mwaka jana, katika soko la Kibuye hapa Kisumu, msichana wa miaka 17 alikuwa amesimama na mama yake wakipimiwa omena kwa gorogoro. Ghafla aliuachia mkono wa mama, akaenda kujibanza nyuma ya marobota ya mitumba na kukataa kutoka. Mama alipoangaza macho akamwona mwanamume anajaribu viatu huku akitaniana na muuzaji. Ndiye yule aliyefungwa miaka 20 kwa kumnajisi binti huyu alipokuwa na miaka 12.

Mama alinipigia simu analia: "Mwalimu, ametoroka jela." Nami niliamini hivyo. Tulikwenda kituo cha polisi kuripoti mfungwa mtoro, ikaandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, tukapewa nambari. Zilipita wiki tatu ndipo karani mmoja mwenye huruma akatutafutia faili. Hakutoroka. Mahakama Kuu ilikuwa imeibatilisha hukumu yake zaidi ya mwaka mmoja kabla ya hapo na kuamuru kesi isikilizwe upya, na hiyo kesi mpya nayo ikaondolewa kwa kukosa mashahidi.

Mashahidi waliokosekana ni sisi.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Tangu nistaafu nimekuwa nikiwasindikiza watoto wa mtaa wetu mahakamani, kwa kuwa wazazi wengi huliogopa lile jengo kuliko hospitali. Msichana huyu huniita dani, yaani nyanya, ingawa hatuna undugu. Sitamtaja jina, wala mama yake, wala mshtakiwa, wala mahakama zilizohusika, kwani mtaani kwetu ukitaja jina moja watu watajaza mengine yote. Nimeandika barua tatu kwa ofisi zilizopaswa kujibu. Zote zilipigwa muhuri wa kupokelewa. Ya kwanza sasa ina miezi kumi na mmoja, na ndiyo sababu hii ya nne naiandika hadharani.

Kabla hamjanihesabu miongoni mwa wanaowatukana majaji kila mshtakiwa anapoachiliwa, niseme jambo ambalo majirani zangu hawalipendi: jaji aliyeibatilisha hukumu ile hakukosea. Nimeisoma mara nne, kalamu mkononi kama nasahihisha insha. Hakimu wa kwanza alisikiliza mashahidi watatu, mtoto akiwamo, kisha akahamishwa. Wa pili akaendelea pale mwenzake alipoachia. Kifungu cha 200 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinamruhusu, ila kinamtaka kwanza amweleze mshtakiwa kwamba anayo haki ya kudai mashahidi waliotangulia waitwe tena. Katika mwenendo wa kesi hakuna hata mstari mmoja unaoonyesha kwamba alielezwa. Sentensi moja, Waheshimiwa! Kuisema na kuiandika kungemchukua hakimu dakika mbili, na kukosekana kwake kukafuta miaka miwili ya mtoto kupanda na kushuka ngazi za mahakama.

Wala sipingi rufaa. Katiba ya 2010, Ibara ya 50(2)(q), inampa kila aliyetiwa hatiani haki ya kukata rufaa au kuomba mahakama ya juu zaidi ipitie kesi yake. Tangu uamuzi wa Okeno wa mwaka 1972, mahakama ya kwanza ya rufaa haitakiwi kugonga muhuri tu juu ya kazi ya hakimu. Inapaswa kuupima ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wala kuwasikia. Nimeona faida yake kwa macho yangu. Kijana mmoja wa bodaboda alirudi kwao baada ya miaka minne gerezani kwa sababu jaji alizisoma zile kurasa bila haraka, akagundua kwamba siku iliyotajwa kwenye shtaka mtoto alikuwa kwa shangazi yake Busia, na kwamba chanzo cha yote kilikuwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Siku hiyo nililia pia, kwa sababu nilikuwa miongoni mwa waliomzomea alipofungwa.

Basi malalamiko yangu ni haya.

1. Hakuna anayetuarifu.

Mtu akitiwa hatiani ana siku 14 za kukata rufaa, na akichelewa anaweza kuomba ruhusa ya kuikata nje ya muda. Gerezani hakosi wenzake wanaovijua vifungu vya sheria kama Baba Yetu. Tarehe hupangwa, hoja huwasilishwa kwa maandishi, na tangu janga la Korona mwaka 2020 baadhi ya rufaa husikilizwa kwa video. Mrufani yumo kwenye skrini, kiongozi wa mashtaka yupo, jaji yupo. Mama wa mtoto yuko kwenye meza yake ya mboga, akiamini kwamba miaka 20 ni miaka 20. Hukumu ikishasomwa huwekwa mtandaoni, jina la mtoto limefichwa kwa herufi za mwanzo, na hilo ni jambo jema. Ila mama ana simu ya kabambe. Na hata angekuwa na simu ya bei, nani alimwambia kuna kitu cha kutafuta?

Sheria haikunyamaza. Ibara ya 50(9) iliagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa wa uhalifu, nalo likatunga Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa mwaka 2014. Sheria hiyo inasema pale maslahi ya mwathiriwa yanapoguswa, mahakama imruhusu kutoa maoni yake katika hatua inazoona zinafaa. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu, katika kesi ya mauaji iliyotoka hapa hapa kwetu Bungoma, ilikubali kwamba mwathiriwa si mtazamaji tu. Anaweza kushiriki ilmradi asigeuke kiongozi wa pili wa mashtaka. Sasa niambieni, mtu atatoaje maoni katika shauri asilojua kwamba lipo?

Sisi hatukutaka hata kutoa maoni. Tulitaka kujua tu, ili mama abadilishe njia ya kwenda sokoni.

2. Makosa ya watu wazima yanamwangukia mtoto.

Kifungu cha 200 si mtego wa pekee. Kuna kifungu cha 19 cha sheria ya viapo: mtoto mdogo asianze kutoa ushahidi kabla hakimu hajamuuliza maswali machache kujua kama anaelewa maana ya kiapo, au angalau kama ana akili ya kutosha na anajua wajibu wa kusema kweli. Maswali na majibu yaandikwe. Nimewahi kukaa mahakamani nikashuhudia mtoto wa miaka 8 akiulizwa, "Unaenda kanisa gani?" akajibu, na basi, akaapishwa. Ni kweli Mahakama ya Rufaa imeshasema kwamba dosari hiyo haiui kesi kila mara, inategemea ushahidi mwingine uliopo. Lakini kwa nini mtoto abebe hiyo bahati nasibu?

Kuna pia kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi. Hiki nakipenda, na ningekuwa na uwezo ningekibandika kwenye milango ya vituo vyote vya polisi. Kinasema katika kesi za ngono mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa neno la mwathiriwa peke yake, bila ushahidi mwingine wa kuliunga mkono, mradi iridhike kwamba anasema kweli na iandike sababu za kuridhika huko. Sababu! Si kuandika "namwamini mtoto" kisha kufungua ukurasa mwingine. Jaji wa rufaa hakuuona uso wa mtoto. Hakuona alivyonyoosha kidole bila kusita, wala alivyokosoa tarehe aliyotajiwa vibaya na wakili. Atayajua hayo ikiwa tu hakimu aliyaandika.

Umri ni hivyo hivyo. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, kifungu cha 8, imepanga adhabu kwa umri: mtoto wa miaka 11 au chini, kifungo cha maisha, wa 12 hadi 15, kisichopungua miaka 20, wa 16 hadi 18, kisichopungua 15. Kwa hiyo umri ni mojawapo ya nguzo tatu za kesi, pamoja na tendo lenyewe na utambulisho wa aliyelitenda. Mahakama hukubali cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, uchunguzi wa daktari, hata maneno ya mzazi. Lakini nimeona faili ambamo hati ya mashtaka inasema 11, fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari, inasema 13, na mama anasema alizaliwa "mwaka wa ule ukame". Kuoanisha mambo hayo matatu ni kazi ya mpelelezi, asubuhi moja tu, na mtoto hahusiki nayo.

Kuhusu madaktari sitasema mengi. Wanahamishwa kila leo, na fomu walizojaza hubaki zikimsubiri mtu wa kuja kuziwasilisha.

3. Mtoto kusomwa kwenye karatasi kana kwamba ni mtu mzima.

Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Malindi ilimwachilia mtu aliyekuwa amefungwa miaka 20, na sehemu kubwa ya hoja ya mahakama ilikuwa mwenendo wa msichana: kwamba alikwenda nyumbani kwa mwanamume kwa hiari na kujiendesha kama mtu mzima. Malindi ni mbali na Kisumu, lakini uamuzi wa Mahakama Kuu husomwa kote, na nimesikia hoja hiyo ikinukuliwa na mawakili wa huku kwetu.

Sheria haimuulizi mtoto kama alikubali. Inampa mshtakiwa utetezi mmoja tu wa aina hiyo, katika kifungu cha 8(5): kwamba mtoto alimdanganya kuhusu umri naye akaamini kwa sababu za maana, na mahakama itazame hatua alizochukua kuujua huo umri. Hilo ni swali kuhusu mwanamume. Sasa pita kwenye hoja za rufaa uone maswali yanayoulizwa: mbona hakupiga mayowe, mbona alikaa siku tano bila kusema, mbona alirudi dukani kwake. Nilifundisha darasa la tano na la sita miaka ishirini na sita. Mtoto aliyevunja kikombe hukaa siku tano bila kusema. Aliyevunjwa yeye atakaa ngapi? Na dukani alirudi kwa sababu alitumwa chumvi. Katika kesi yetu mama alilisema hilo mahakamani, likaandikwa nusu.

4. Kesi kurudiwa bila mwenye kesi.

Hapa ndipo jeraha letu lilipo. Tangu kesi ya Fatehali Manji ya mwaka 1966, kanuni inasema kesi itarudiwa pale usikilizaji wa kwanza ulipokuwa na kasoro ya kisheria, na si kwa kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yake. Jaji wetu aliipima kanuni hiyo akaona inafaa kurudiwa. Akaagiza mrufani apelekwe mbele ya hakimu mwingine. Ni agizo la haki kwa pande zote mbili.

Kisha ikawaje? Wito wa mashahidi ulipelekwa kwenye nyumba ambayo familia ilihama miaka mitatu nyuma. Walihama kwa sababu watoto wa ploti walikuwa wakimwimba yule binti. Nambari ya simu ya mama ilikuwa kwenye faili la polisi. Yangu pia ilikuwamo, niliiandika mwenyewe. Hakuna aliyepiga. Afisa mpelelezi alikuwa kahamishwa kaunti nyingine. Kesi ikatajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena, kisha ikaondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai. Simlaumu hakimu, maana hawezi kumweka mtu rumande akisubiri mashahidi ambao hakuna anayewatafuta.

5. Vifungo vinavyopanda na kushuka.

Hili nalitaja kwa ufupi kwa kuwa limeshatulizwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ilisema hukumu ya kifo ya lazima kwa mauaji inakiuka Katiba. Watu wakaipanua hoja hiyo hadi kwenye unajisi. Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua kwamba ilizungumzia mauaji tu. Mei 2022 Mahakama Kuu ya Machakos ikasema vima vya chini vya adhabu visimfunge mikono hakimu. Halafu Julai 12, 2024 Mahakama ya Juu ikarejesha miaka 20 ambayo Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeipunguza hadi 15, ikashikilia kwamba vima vya sheria ya 2006 vingali halali. Katika miaka hiyo yote vifungo vilipunguzwa huku na kule. Familia ngapi zilipigiwa simu kuambiwa?

Najua nitakavyojibiwa, maana mengine nimeshayasikia dirishani.

Nitaambiwa mahakama ni huru na mwananchi hawezi kuhoji uamuzi wa jaji. Sijauhoji. Nimeusifu. Ninachohoji ni simu ambayo haikupigwa, na kupiga simu si uamuzi wa kimahakama. Nitaambiwa mhusika katika kesi ya jinai ni Jamhuri, mtoto ni shahidi tu. Kwa muda mrefu hivyo ndivyo ilivyokuwa, lakini sheria ya 2014 iliubadilisha msimamo huo, na Ibara ya 53 inasema maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Nitaambiwa kumwarifu mwathiriwa kutahatarisha usalama wa mrufani. Waheshimiwa, kumkuta ghafla sokoni bila maelezo yoyote ndiko kunakohatarisha. Siku ile ya Kibuye mama alikuwa na kisu cha kuparia samaki mkobani. Kama angejua kwamba ni sheria iliyomtoa, angekuwa na uchungu tu. Kwa kuwa alidhani ni mtoro, alikuwa tayari kuita umati, na sote tunajua umati wa sokoni hufanya nini.

Na nitaambiwa hakuna pesa. Hilo ndilo jibu ninaloliheshimu zaidi, kwa sababu nimeona makarani wakichapa mwenendo wa kesi kutoka mwandiko wa mkono huku mafaili yamejaa mpaka chini ya meza, na ucheleweshaji huo humwumiza mfungwa kabla ya kutuumiza sisi. Ila nitakayoyaomba hayahitaji jengo.

Naomba kila rufaa ya kesi ya unajisi inaposajiliwa, msajili achukue nambari ya mlezi wa mtoto kutoka faili la mahakama ya chini, na mlezi atumiwe ujumbe wa simu mara tatu: rufaa ilipokatwa, itakaposikilizwa, na ilivyoamuliwa. Ujumbe uwe kwa Kiswahili, bila jina la mtoto, kwa maneno ambayo muuza mboga ataelewa. Mrufani akiachiliwa au kupewa dhamana akisubiri rufaa, habari itangulie kumfikia mama kabla yeye hajafika mtaani.

Naomba karatasi moja ibandikwe ndani ya jalada la kila kesi ya namna hii katika mahakama za mahakimu, iwe na nafasi za kutia alama: mtoto ameulizwa maswali ya kiapo na majibu yameandikwa, hakimu amebadilika na mshtakiwa ameelezwa haki yake, mshtakiwa ameambiwa kuhusu haki ya kuwa na wakili, umri umethibitishwa kwa njia gani, sababu za kumwamini mtoto ziko ukurasa upi. Marubani hufanya hivyo kabla ya kuruka, na hakuna anayeona kwamba wamedharauliwa.

Hukumu ikibatilishwa kwa sababu ya utaratibu, nakala ya uamuzi ipelekwe kwa hakimu, kwa kiongozi wa mashtaka na kwa kituo cha polisi kilichopeleleza, na isomwe katika kamati ya watumiaji wa mahakama ya eneo hilo. Nimehudhuria kamati hizo. Hujadili maegesho ya magari na vyoo, mambo ya maana pia, lakini sijawahi kusikia mtu akisimama kusema, "Kesi hii ilianguka kwa sababu yetu." Na jaji anapoagiza kesi irudiwe, kiongozi wa mashtaka aandike kwenye faili nani kampigia nani, lini, na amejibiwa nini, kabla hajaruhusiwa kusema mashahidi hawapatikani.

Ombi la mwisho linahusu faili letu. Kesi iliyoondolewa chini ya kifungu cha 87(a) kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea haijafungwa milele. Sheria inaruhusu ashtakiwe tena kwa mambo yale yale. Mashahidi hawajapotea. Mama yupo, mimi nipo, na kadi ya kliniki ninayo kabatini, nimeifunga kwenye nailoni isiingie mende. Msichana amesema atatoa ushahidi tena, mara moja tu, kama atawekewa pazia asimwone yule mtu, ulinzi ambao kifungu cha 31 cha sheria ya 2006 kinauruhusu. Juzi aliniuliza kama akishatimiza miaka 18 kesi yake itakuwa bado ni ya mtoto. Nilimwambia ndiyo, unaohesabiwa ni umri aliokuwa nao siku aliyotendewa. Akauliza itaitwa lini. Hapo sikuwa na jibu.

Jina langu na nambari yangu ya simu viko kwenye zile barua tatu mlizozipiga muhuri.

Wenu mwaminifu,

Mwalimu mstaafu,
Kisumu